Mathe alijibizana na redio, mimi nikazimiwa maiki

Leo sina video. Hii stori haiingii kwa sekunde 60, nimejaribu kuikata mara tatu nikashindwa. Kwa hivyo tafuta mahali ukae usome.

Jumamosi moja jioni nilikuwa nafundisha Kiswahili mtandaoni, nimekaa jikoni kwa mathe kwa sababu hapo ndipo mtandao hushika vizuri. Wanafunzi wangu ni watoto 6 wa Wakenya wanaoishi Uingereza na Marekani. Siku hiyo nilikuwa nimejipanga. Picha za matunda zinaruka kwa skrini, maswali ya kubonyeza, nyota za dhahabu ukipata. Saa nzima ikaisha vizuri, nikafunga laptopu nikijiona mwalimu wa mwaka.

Mathe alikuwa nyuma yangu anakata sukuma. Akaniuliza, "Hao watoto ni mabubu?"

Nikamwambia hapana, wanajibu kwa kubonyeza.

"Lakini si unawafundisha kuongea?" Akaendelea kukata. "Sisi redio yetu ilikuwa inauliza swali halafu inanyamaza. Inangoja. Darasa zima tunajibu kwa nguvu mpaka walio nje wanasikia. Na hiyo ilikuwa redio, kijana wangu."

Nilicheka. Nilidhani ni zile stori za wazazi, za kutembea kilomita 10 kwenda shule. Halafu usiku nikaanza kusoma, na kufikia saa nane nilikuwa bado macho. Mathe hakuwa anatunga. Aliingia darasa la kwanza ushago mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miaka hiyo Kenya ilikuwa inafanya kitu ambacho dunia nzima ilikuja kuiga.

Kiliitwa Radio Language Arts Project. Kilianza 1980 kikaisha 1985. Walioendesha ni Kenya Institute of Education, hao ambao leo tunawaita KICD, wakishirikiana na shirika la Marekani liitwalo Academy for Educational Development. Pesa zilitoka USAID. Kazi yenyewe ilikuwa kufundisha Kiingereza kwa redio, nusu saa kila siku ya shule, kwa watoto wa darasa la 1 hadi la 3. Mathe hakumbuki jina la mradi, na mtoto wa miaka 7 haulizi nani analipa. Anakumbuka redio juu ya meza ya mwalimu, na sauti ikiwaambia simameni, guseni hiki, semeni neno hili.

Ili uelewe kwa nini kulikuwa na haja ya redio, rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa ya kwanza hadi la nne. Watoto wakamiminika shuleni. Walimu waliosomea kazi hiyo hawakutosha, hivyo wengi waliosimama mbele ya madarasa hayo walikuwa hawajapitia chuo chochote cha ualimu. Sasa ongeza hili: mashambani, miaka mitatu ya kwanza mtoto alifundishwa kwa lugha ya mama, Kiingereza kikiwa somo tu kama masomo mengine. Akifika darasa la nne mambo yanageuka, hesabu ni kwa Kiingereza, sayansi ni kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza. Ukifika hapo bila hiyo lugha hujafeli somo moja. Umefeli shule nzima, na wewe bado una miaka 10.

Hiyo ndiyo hatari waliyokuwa wanapigana nayo. Na silaha yao ilikuwa kitu cha betri.

Sasa shida ya redio tunaijua sote. Redio inaongea, wewe unasikiliza, na kama inaboa unalala. Wale waandishi wa vipindi walifanya nini? Waliandika ukimya ndani ya kipindi. Sauti inauliza swali, inanyamaza kwa sekunde zilizopimwa, watoto wanajibu kwa sauti, kisha redio inasema jibu sahihi. Kama ulipata, unajua hapo hapo. Kama ulikosea, umesikia jibu kabla hata aibu haijakufikia. Halafu swali lingine. Katikati kuna wimbo, kuna hadithi, kuna kusimama na kuketi. Mwalimu naye hakutumwa nje. Aliandika ubaoni maneno ambayo redio ingeyahitaji, akazunguka madawatini kuangalia nani anafuata na nani amepotea.

Na hizo sekunde hazikukisiwa ofisini. Vipindi vilijaribiwa na watoto wenyewe darasani, watu wakaangalia ni wapi wanachelewa na ni wapi wanachoka, kisha mafundi wakarudi kurekebisha. Sisi wa kontenti tunaona tumevumbua kuangalia ni sekunde ya ngapi watu wanaacha kutazama. Wazee walikuwa huko.

Wazo lenyewe lilitoka wapi? Hapa ndipo niliposhtuka. Lilitoka kwa kompyuta. Miaka ya 1960 pale chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kulikuwa na profesa aitwaye Patrick Suppes. Yeye na wenzake walifundisha kwa kompyuta: mashine inauliza, mwanafunzi anajibu kwa kuandika, mashine inamwambia papo hapo kama amepata. Walianza na mambo kama hesabu za watoto, baadaye hata Kirusi kikafundishwa hivyo. Lakini kompyuta wakati huo ilikuwa mali ya watu wachache sana. Kwa hivyo mwaka wa 1974 watu kutoka Stanford walienda Nicaragua wakajaribu kuhamisha ule mtindo kwa redio, wakifundisha hesabu. Ikakubali. Lugha sasa ikafuata, na mahali pa kuijaribia pakawa hapa kwetu, Kenya, 1980.

Kwa hivyo darasa la kidijitali halikuja Kenya na intaneti. Lilikuja bila kompyuta, likiwa limebeba kitu kimoja tu kutoka kwa kompyuta, ile tabia ya kuuliza, kungoja na kujibu.

Na lilifanya kazi. Watoto waliofundishwa kwa redio walipopimwa na kulinganishwa na wale wa madarasa ya kawaida, walikuwa mbele kwa kusikiliza na kwa kusoma Kiingereza. Baadaye Lesotho ilichukua vipindi vya Kenya ikavitumia. Afrika Kusini, miaka ya 1990, ikajenga vyake viitwavyo English in Action juu ya msingi huo. Mwaka wa 2006 Zanzibar nao wakaanza mradi wa redio kwa watoto wadogo, kwa Kiswahili, na kipindi chao kikaitwa Tucheze Tujifunze. Sisi tuliokuwa wa kwanza? Mradi uliisha 1985, mwaka ule ule 8-4-4 ilianza na silabasi ikabadilika. Somo lililoandikwa kwa silabasi moja halijihamishi lenyewe hadi nyingine. Leo nimeuliza marafiki zangu wote wa rika langu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari hii.

Sasa wacha niwaambie yangu.

Machi 2020 Rais alitangaza shule zifungwe. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Masomo yakahamia redio, runinga na intaneti, na shule yetu ikaamua kufundisha mtandaoni. Nyumbani simu yenye intaneti ilikuwa moja, ya mathe, na ilikuwa inarudi naye jioni. Siku ambazo nilipata simu na bando kwa pamoja, niliingia darasani nikakuta majina mengi kwa skrini, yote yamezimiwa maiki. Mwalimu anasoma slaidi. Akimaliza anauliza, "Kuna swali?" Anangoja kama nusu sekunde. "Sawa, tuendelee."

Simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Sisi wa kidato cha pili tulirudi shuleni Januari 2021, karibu miezi kumi baadaye. Katika hiyo miezi yote sauti yangu haikusikika darasani hata mara moja.

Kampasi ikawa vile vile. Nilichukua kozi yenye Kifaransa ndani. Kwa kuwa wanafunzi tulikuwa wengi na kumbi hazitoshi, baadhi ya masomo yalikuwa mtandaoni. Fikiria hiyo: mamia ya watu wanajifunza Kifaransa, na wote wamenyamaza. Tulijua sarufi. Tulijua kujaza mapengo. Siku ya mtihani wa kuongea nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hewa. Nilikuwa nimesoma lugha miezi minane na sijawahi kujisikia nikiitamka.

Niliacha chuo mwaka uliofuata. Wengi mnajua, mmeniuliza sana kwa komenti, na jibu la kweli ni ada. Ada ilinishinda. Lakini kuna kitu sijawahi kuwaambia. Wiki ile niliacha kuingia madarasa ya mtandaoni, hakuna aliyegundua. Jina langu lilikuwa mraba mweusi wenye herufi mbili. Siku moja mraba haukuwepo, na somo likaendelea. Mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu akitoweka, nani atajua?

Ndiyo maana maneno ya mathe yalinichoma hivyo. Kwa sababu nilikuwa nimekaa jikoni kwake nikiwafanyia watoto 6 kile kile nilichofanyiwa, tofauti ni kwamba mimi niliongeza nyota za dhahabu.

Na hata hizo nyota si mpya, wadau. Kule chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kulikuwa na mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO, ulioanza 1960. Kufikia 1972 skrini zake ziliguswa kwa kidole, miaka mingi kabla ya simu yako. Wanafunzi wa lugha waliutumia. Kubonyeza jibu ni teknolojia ya miaka 50. Lakini kilichonivutia zaidi kwa PLATO ni programu ya mwaka wa 1973 iitwayo Talkomatic. Watu walikutana ndani yake wakachati, na kila herufi uliyoandika ilionekana na wenzako hapo hapo, hata kabla hujamaliza neno. Na kila chumba kilikuwa na nafasi ya watu 5 tu. Watano. Huwezi kujificha ukiwa mmoja wa watano.

Kuna mtafiti mwingine nataka mumjue, Mary Budd Rowe. Miaka ya 1970 alipima ni muda gani walimu Marekani hungoja baada ya kuuliza swali kabla ya kuendelea. Ilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, watoto wengi zaidi wakajibu, hata wale waliohesabiwa kuwa wazito. Sekunde mbili za ziada. Hazigharimu bando.

Sasa unganisha hizi stori tatu. Redio ya mathe ilikuwa kiziwi. Haikuwa inasikia kitu. Mtoto akisema sawa, akikosea, hata kama darasa lote limetoka nje kucheza, redio ingetoa jibu lile lile na kuendelea. Na bado ilimfanya azungumze, kwa sababu mtu fulani alikaa chini akamwachia nafasi. Sisi leo tuna kitu ambacho redio haikuwahi kuwa nacho. Mtandao una masikio. Mwalimu akiwa Nairobi anaweza kumsikia mtoto aliye Birmingham akitamka "ng'ombe", akajua ulimi umekwama wapi, akamsaidia hapo hapo. Hiyo ndiyo faida yetu pekee kubwa juu ya redio ya 1980. Na kitu cha kwanza tunachofanya tukiingia darasani ni kuzima maiki za wote.

Najua mtaniambia nini. Eti darasa la watu 200 likifunguliwa maiki ni soko la Gikomba. Kweli. Lakini redio ilishajibu hilo. Unauliza swali, unanyamaza, kila mtu anajibu kwa sauti huko aliko, maiki ikiwa imezimwa. Mdomo wake umefanya kazi hata kama hukumsikia. Halafu unawaita wawili kwa majina, unawafungulia, wanasema. Kesho unaita wawili wengine. Kisha unawagawa vyumba vya watu 4 au 5, unawapa jambo moja la kuulizana, unazunguka ukisikiliza, kama yule mwalimu wa mathe kati ya madawati.

Mtaniambia pia bando ni ghali na video inaimaliza. Basi zima video. Lugha ni sauti. Sauti peke yake inakula bando kidogo sana kuliko sura yako. Na mtaniambia wanafunzi wana haya. Aki, mimi ndiye mfano. Lakini haya haiishi kwa kuachwa peke yako gizani. Inaisha ukikosea mbele ya watu wachache halafu hakuna anayekufa.

Mimi nimebadilisha darasa langu. Jumamosi iliyofuata niliondoa slaidi karibu zote. Nikaandika somo kama kipindi cha redio, na mahali pa kunyamaza nikachora duara kwa kalamu nyekundu ili nisije nikajijibu mwenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa vigumu kupita maelezo. Niliuliza, "Leo asubuhi umekula nini?" Nikanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Kimya kwa skrini kinauma, unahisi mtandao umekatika, unataka kusema chochote tu. Kufika nne, msichana mmoja wa miaka 9 ambaye kwa wiki zote hizo hakuwa ametamka hata jina lake, akasema taratibu, "Mimi nikula mkate."

Nikala mkate, nimekula mkate, hayo tutarekebisha. Sikumkatiza.

Wazazi wake walimweka kwa darasa langu kwa sababu moja. Shosho yake yuko huku Kenya, hajui Kiingereza, na wakipigiana simu kila mtu anatabasamu tu halafu simu inapewa mtu mzima. Kwa hivyo wiki iliyopita nilimpa kazi ya nyumbani isiyo na nyota. Nikamwambia ampigie shosho, amuulize amekula nini, halafu anyamaze angoje jibu.

Mama yake alinitumia ujumbe Jumapili. Waliongea dakika 11. Anasema nyingi zilikuwa za chakula, na kwamba shosho alirudia swali lile lile mara nne ili tu asikie ile sauti ikimjibu.

Nilimsomea mathe huo ujumbe. Akauliza kama sasa wale watoto wengine watano pia wanaongea. Nikamwambia wanne wanaongea, mmoja bado. Akasema basi ningoje.

Kama unafundisha lugha mtandaoni, hata kama ni kundi la WhatsApp la binamu zako, leo hesabu umewaachia sekunde ngapi. Na kama wewe ndiye ule mraba mweusi wenye herufi mbili, jibu swali kwa sauti huko uliko, hata maiki ikiwa imezimwa. Halafu siku moja omba wakufungulie.